Hakuwahi kuniomba mwanangu, sisi ndio tuliombembeleza amchukue

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko bara, mlioko visiwani na mlioko ughaibuni mnaotusoma mkiwa kazini.

Nitakayoandika hapa ni kama nilivyoyaona. Sitii chumvi. Pale nisipojua nitasema sijui. Majina nimeyabadilisha yote, la mwanangu likiwa la kwanza.

Wale wenye kazi ya kuandika "chai" kwenye kila uzi mnaoudhani ni uongo, leo nawaomba mpumzike kidogo. Nimeiandika hii kwa simu, kidole kimeuma, na bado nikiikumbuka sijisikii vizuri.

Haya.

Mimi ni mwanamke, Mpemba, nauza mapazia Tibirinzi, hapa Chake Chake. Kazi yangu naitaja kwa sababu itahusika mbele.

Muuza mapazia anaishi kwa kushawishi, tusidanganyane. Nikimuona mteja anasitasita, silisifu pazia. Nampa alishike. Namuuliza ukuta wa sebule yake una rangi gani, dirisha linatazama wapi. Akianza kusema "likikaa pale kwangu litaziba lile jua la jioni", mimi nafunga mdomo natafuta mkasi. Hapo keshajiuzia mwenyewe.

Mteja nisiyemuweza ni wa aina moja tu. Ni yule anayesema "sitaki" kisha akanyamaza.

Akisema ghali, nitapunguza. Akisema rangi mbaya, nina rangi nyingine. Akisema mume wake hapendi maua, nitamuuliza mume anapenda nini. Lakini asiyetoa sababu sina pa kumshika, namwacha aende na njia yake.

Na mimi mwenyewe ni mbishi wa kuzaliwa. Mwezi wa Ramadhani ukiandama, watu wa kwetu hubishana kama umeonekana au haukuonekana. Mimi naweza kubisha hata nikiwa nimeuona kwa macho yangu. Kwa hiyo msije mkadhani ni mtu mjinga aliyeingia kwenye mambo haya. Nilijiona mjanja, na ujanja haukunisaidia kitu.

Mwanangu nitamwita Raya. Yupo darasa la kwanza. Anaishi na mama yangu Makangale, kaskazini kabisa ya Pemba, karibu na msitu wa Ngezi. Baba yake tuliachana kwa salama, yupo Unguja na familia yake nyingine, hatugombani.

Duka linanishika tangu asubuhi mpaka magharibi, kwa hiyo mtoto kukaa kwa bibi yake ndiyo njia iliyokuwepo. Ijumaa nafunga duka, naenda kwao. Nikiondoka Raya ananishika kanga, na gari ya kurudi Chake ikifika Konde machozi yashanitoka. Abiria wananitazama, mimi najifanya vumbi limeniingia.

Maumivu hayo sikuwahi kumwambia mtu. Nilidhani hayaonekani.

Sasa, mama wa mama yangu, yaani bibi yangu mimi, alifariki. Msiba ukaisha, watu wakatawanyika, maisha yakaendelea. Miezi ikapita.

Alasiri moja mwanamke akapiga hodi kwa mama.

"Nimechelewa," akasema. "Nilikuwa mbali, habari zimenifikia nyuma. Nimekuja kutoa mkono wa taazia."

Wakuu, kwetu mtu aliyekuja kutoa mkono wa taazia haulizwi wewe ni nani. Unamkaribisha, unampa maji, mnalia pamoja, mnamuombea marehemu. Ukimuuliza "kwani mlijuana wapi?" umemtukana yeye na umemtukana marehemu kaburini. Hakuna Mpemba mwenye adabu zake atakayelifanya hilo.

Mama akanipigia simu siku hiyo hiyo, sauti imechangamka.

"Kaja ntu wa bibi yako! Kalia huyo, mpaka mie ndo nikawa nambembeleza yeye. Na jina lake Time, kama mie. Ni somo yangu."

Kwa wa bara wasiojua: watu wawili wenye jina moja kwetu huitana somo. Ni kama udugu mdogo. Na ukishaanza kumuita mtu somo, jina lake hulitaji tena, mtaitana hivyo mpaka mmoja azikwe.

Nikamwambia mama Alhamdulillahi, nimefurahi umepata mtu wa kuongea naye. Nilisema kweli. Tangu bibi afariki mama alikuwa mpweke.

Ijumaa iliyofuata nilimkuta barazani.

Hapa ndipo penye shida ya kwanza. Nikitaka kuwaeleza sura yake, nashindwa. Ni mtu wa makamo, kanga za kawaida, ndara za plastiki. Mama anasema alikuwa mweupe kidogo. Bi Mize, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anasema mweusi. Mimi nakumbuka mikono tu.

Mikono naikumbuka kwa sababu ya ukili.

Ukili ni ile miyaa, majani makavu ya mkindu, inayosukwa mfano wa utepe mrefu, baadaye ndiyo hushonwa kuwa mkeka. Wanawake wa kwetu alasiri hukaa barazani wakasuka huku wanapiga soga. Na kila mtu ana mkono wake. Mama anasuka kwa kukaza, kingo zimenyooka. Bi Mize anasuka kwa kulegeza, na ukimsema anacheka. Ukiniwekea ukili wa wawili hao nikiwa nimefumba macho, nitakwambia kwa vidole upi wa nani.

Siku hiyo mama aliinuka kwenda kutazama chungu jikoni. Yule mgeni akauchukua ukili wa mama, akaendelea pale pale mama alipoachia. Mama aliporudi akaupokea, akaendelea na yeye.

Nikautazama. Sikuona alipoingia wala alipotoka. Ulikuwa mkono wa mama mwanzo mpaka mwisho.

"Somo unajua kusuka," nikamwambia kwa mzaha.

"Najifunza kwenu, mwanangu," akajibu, bila kunyanyua macho.

Baadaye kidogo alivuka kwenda kwa Bi Mize. Mimi nilikuwa chumbani nakunja nguo za Raya, na kuta zetu zile ni za udongo, maneno yanapita. Bi Mize ni mtu wa sauti kubwa, akicheka kijiji kizima kinajua. Nikamsikia anaongea, anacheka, anajijibu. Nikasema moyoni, leo Bi Mize ameanza kuzungumza peke yake.

Kumbe walikuwa wawili. Kwa mama yule mgeni alikuwa mpole, wa maneno machache. Kwa Bi Mize alikuwa Bi Mize.

Nikaona ni mtu mcheshi tu anayejua kukaa na watu. Hata mimi dukani mteja wa Unguja naongea naye kidogo Kiunguja.

Nilipotoka kwenda kuchota maji nikamkuta karudi barazani, Raya anamsomea kitabu chake cha skuli. Alikuwa akimsikiliza kwa makini kabisa. Raya akamaliza ukurasa. Yule mama akamtazama, akasema taratibu, kama anajisemea mwenyewe:

"Ntoto ana akili huyu. Huku... atapata nini?"

Akanyamaza katikati namna hiyo. Huku. Halafu kimya kidogo, pumzi inaingia. Atapata nini. Hakungoja jibu. Akaendelea na ukili.

Nikaenda zangu kuchota maji. Lakini neno lile liliniingia pale pale panaponiuma gari ikifika Konde.

Siku chache baadaye mama ananipigia habari za sukari na unga, katikati ya maneno akasema: "Nilikuwa nafikiri juu ya Raya. Huku... atapata nini?"

Na ule unyamavu wa katikati ukiwemo. Na ile pumzi.

Nikamwambia mama, mbona Raya anapata kila kitu. Akasema ndiyo, ni fikra yake tu.

Ijumaa Bi Mize ananipa samaki kupitia dirishani: "Huyu ntoto wako mwepesi wa kichwa. Huku... atapata nini, mwanangu?"

Bi Mize, wakuu! Mtu ambaye tangu namjua hajawahi kumaliza sentensi bila kupiga kofi la paja. Akasema polepole, akanyamaza, akavuta pumzi.

Nikajisemesha kuwa watu wanaokaa pamoja huambukizana maneno, hilo ni kawaida.

Kisha ikawa zamu yangu.

Nipo dukani nakata kitambaa, mteja wangu mmoja ambaye ni mwalimu ananiuliza hali ya mtoto. Nikamjibu: "Yupo kwa bibi yake, lakini hata sijui. Huku... atapata nini?"

Na duka lipo Chake. Ningesema "kule". Nilisema "huku", kama mtu aliyekaa kwenye baraza ya mama.

Mkasi ulisimama mkononi. Mwalimu akaniuliza kama naumwa, nikamwambia joto.

Kinachonitisha mpaka leo ni kuwa lile wazo halikuja kwangu kama la mtu mwingine. Lilikuja kama langu. Niliamini kabisa kuwa mimi, mama yake Raya, kwa mapenzi yangu na akili yangu timamu, nimekaa nikafikiri nikaona kuwa Makangale mtoto hana mustakabali.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda yenyewe. Ikajulikana kwamba somo ana nyumba Tanga. Ikajulikana kwamba nyumba iko karibu na skuli nzuri, na chuo cha Kurani kiko mlango wa pili. Ikajulikana kwamba hana mtoto, na anapenda watoto. Nani aliyesema? Nitafika huko.

Na kwetu kumpa ndugu mtoto amlee si jambo geni. Wengi wetu tumelelewa na shangazi, na mama mdogo, na bibi. Mimi mwenyewe nimekaa miaka kwa mama mkubwa. Hakuna anayeshtuka.

Kwa hiyo Ijumaa moja baada ya chakula tulikaa sote barazani, mimi, mama na yeye, na mimi ndiye niliyeanza. Nisikilizeni vizuri hapa. Yeye hakusema kitu. Mimi ndiye niliyemwambia:

"Somo, sisi tumefikiri. Kama utaridhia, mchukue Raya ukakae naye."

Akashtuka. Akaweka ukili chini.

"Hapana, mwanangu. Mie ntoto wa ntu siwezi. Ntoto ni amana."

Tukambembeleza. Akakataa. Mama akamshika mkono. Mgeni akasema mtoto atalia usiku akimtaka mama yake. Nikamwambia Raya si mliaji. Akasema yeye hana uwezo mkubwa. Nikamwambia nitatuma matumizi kila mwezi. Akasema watu watasema kamuiba. Nikamwambia nani atasema, na mimi mwenyewe ndiye ninayetoa?

Yaani kila alipoweka kizuizi mimi ndiye niliyekuwa nakiondoa. Nilikuwa nauza pazia. Nilikuwa namuuza mwanangu kwa mtu nisiyemjua, na nilijitahidi kuliko nilivyowahi kujitahidi kwa mteja yeyote.

Mwisho akainamisha kichwa. "Haya. Kwa kuwa mmenishika sana."

Mama alimbusu mkono. Mimi nilimshukuru mpaka nikalia.

Tukakubaliana Jumamosi ya wiki ya pili wataondoka, wateremke Wete, wapande boti ya Tanga. Nikamnunulia Raya begi, viatu na sare. Watu wa mtaani Tibirinzi wakanipongeza.

Jumamosi yenyewe nilifika Makangale mapema. Jua kali, siku nyeupe, watoto wanacheza njiani. Begi la Raya lipo tayari mlangoni. Nikasema kabla hawajaondoka niende kwa Bi Mize nikamwambie aje kuaga, maana yeye naye amekuwa mtu wa karibu wa mgeni.

Bi Mize alikuwa anapepeta mchele. Akaniona, akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Basi somo yangu ndo anaondoka leo," akasema.

Nikacheka. "Somo yake mama, Bi Mize. Wewe umemdandia tu."

"Yake mama yako kwa vipi?" Akapiga kofi la paja. "Si Mize yule? Mie na yeye jina moja. Siku ya kwanza tu kaniuliza, weye nani, nikamwambia mie Mize. Akanikumbatia, akasema somo yangu!"

Nikasimama pale mlangoni.

"Bi Mize, yule anaitwa Time."

"Time ni mama yako."

"Ndiyo. Na yeye anaitwa Time. Ndiyo somo yake mama."

Ungo ukasimama. Tukatazamana. Kuku wakaanza kula mchele na hakuna aliyewafukuza.

Kwa muda wote ule kila mtu alimuita somo, na kila mtu alidhani mwenzake anamuita somo kwa kufuata mkumbo, kwa mapenzi. Jina halikutajwa tena hata siku moja, kwa sababu somo haitwi jina.

Nikamuuliza Bi Mize, usiku alikuwa analala chumba kipi?

"Chumba kipi wapi? Si kwenu anakolala?"

Wakuu, mama alikuwa akiniambia kila siku kuwa somo analala kwa Bi Mize. Hakuna aliyewahi kumuuliza mwenyewe, maana kumuuliza mgeni "unalala wapi" kwetu ni kama kumwambia aondoke. Alikuwa anaaga kwa mama anavuka kwa Bi Mize, na kwa Bi Mize anaaga anavuka kwa mama. Mpaka leo ninavyoandika, hakuna anayejua yule mtu alikuwa akilala wapi.

Nikauliza la mwisho. Habari ya nyumba ya Tanga, wewe uliipata kwa nani?

"Kaniambia mama yako."

Na mimi mama aliniambia kaambiwa na Bi Mize.

Nikavuka kurudi kwa mama.

Nilimkuta yule mgeni barazani. Raya kakaa chini katikati ya magoti yake, yeye anamsuka nywele, mistari midogo midogo, kama vile mimi ninavyomsuka. Mama yuko pembeni anafunga mikate kwenye kitambaa. Bi Mize akaja nyuma yangu, anahema.

Nikasema, "Somo, jina lako nani?"

Mama akanitazama kama nimerukwa na akili. "We! Adabu!"

"Jina lako nani?"

Vidole havikusimama. Akamaliza mstari, akaufunga uzi. Ndipo akanyanyua uso, na akanijibu bila hasira yoyote:

"Weye wapenda niitwe nani, mwanangu?"

Na sauti ilikuwa yangu.

Sisemi alikuwa jini. Nasema ile kasi yangu, ile namna yangu ya kumalizia maneno kwa kupandisha sauti, ndivyo mimi ninavyoongea nikiwa dukani namuuliza mteja apenda rangi gani. Nilijisikia mwenyewe ninaulizwa na mimi.

Nikamwambia, "Raya haendi."

Akatikisa kichwa kwa upole. "Kwa nini, mwanangu?"

Hapo ndipo nilipokaribia kushindwa, wakuu. Sababu zilikuwa mdomoni. Kwa sababu hatukujui. Kwa sababu una majina mawili. Kwa sababu hatujui ulikuwa ukilala wapi. Na nilimuona anazingoja. Alikuwa ametulia kabisa, mikono kwenye mabega ya mwanangu, anangoja nimpe sababu moja tu aishike.

Nikamkumbuka yule mteja nisiyemuweza.

"Haendi."

"Ntoto keshafunga begi, maskini. Utamvunja moyo."

"Haendi."

"Mama yako keshatoa neno lake."

Mama akafungua mdomo. Nikamnyooshea mkono anyamaze, Mungu anisamehe, sijawahi kumfanyia mama vile.

"Haendi."

Akanitazama. Halafu akasema lile neno lake, taratibu: "Huku... atapata nini?"

Nitawaambia ukweli, lilinipata. Hata pale, hata nikiwa najua. Jibu lilikuwa linakuja mdomoni: kweli, atapata nini? Nikauma ulimi. Nikapiga hatua, nikamshika Raya mkono, nikamvuta, nikakaa naye chini upande wa pili wa baraza.

Mama kimya, Bi Mize kimya. Hakuna hata mmoja aliyempa neno la kushika.

Yule mama akaikung'uta kanga yake vipande vya uzi, akavaa ndara zake.

"Haya," akasema.

Akaondoka mchana kweupe, hakugeuka, hakuharakisha. Alishika njia ya msituni, si njia ya gari. Begi hakuwa nalo. Hapo ndipo tulipogundua kuwa hatukuwahi kumuona na begi.

Tulikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali kijijini kwetu, siku ile ile. Sheha akakasirika, na ana haki, maana mgeni akiingia kijijini anatakiwa ajulishwe. Mama alidhani Bi Mize kamjulisha, Bi Mize alidhani mama. Sheha akawapigia simu masheha wenziwe. Hakuna anayemjua. Ila kutoka kijiji cha Kiuyu ikaja habari kwamba kuna mama kule anangojea mgeni wake, naye alipoulizwa anaitwa nani huyo mgeni, akajibu ni somo yake. Alipoonywa aligomba sana, akasema watu wana husuda na udugu wao. Nashukuru kuwa mgeni hakutokea tena kwake, au kama alitokea hatukuambiwa.

Jioni ile nilikaa nikamfumua Raya zile nywele. Sikutaka zibaki kichwani mwake. Nikiwa katikati akaniuliza:

"Mama, Raya kenda wapi?"

Nikamwambia Raya ni wewe.

"Si mie. Yule Raya mkubwa."

Sikuweza kuendelea. Mama ndiye aliyemalizia kumfumua.

Sasa najua kuna watakaoandika kuwa ni jini, Pemba bwana, uchawi, Ngezi kuna mambo. Hata kwetu wapo wanaosema hivyo, na naona wanapata usingizi mzuri kwa kusema hivyo. Mimi naamini alikuwa binadamu aliyezaliwa na mama. Kila alichokijua tulimpa wenyewe. Mama alimsimulia kuwa marehemu alizaliwa Kiuyu, wiki ya pili akamrudishia mama "marehemu na Kiuyu yake", na mama akaona huyu kweli alimjua. Alitupa vitu vyetu wenyewe, tukavishukuru kama zawadi.

Na hiyo ndiyo inayonitisha zaidi ya jini. Jini angesomewa dua akatoka.

Tangu siku ile nimesoma kidogo juu ya mambo ya saikolojia ya kushawishi, na mengi nimeyakuta nilikuwa nayafanya dukani bila kujua majina yake. Ila nilichojifunza hakikutoka huko. Nimejifunza kuwa mtu anayekulazimisha unamuona, utabisha naye. Wa kuogopa ni yule anayekuacha wewe ndiye uombe. Ukijikuta unambembeleza mtu akubali kuchukua kitu chako, simama. Muulize jina lake kabla hujampa lako, na likija jina, muulize na mwenzako jina aliloambiwa yeye. Adabu ni nzuri, lakini adabu isikuzuie kuuliza mgeni analala wapi.

Na ukitaka kukataa, kataa. Sababu zako bakia nazo moyoni.

Raya sasa yupo na mimi Tibirinzi. Akitoka skuli anakaa dukani chini ya meza, anachezea vipande vya mapazia. Ni tabu, wateja wanamkanyaga, lakini yupo.

Mama hajaacha kusuka. Ila ule ukili wa siku zile hajaushona. Alitaka akate kile kipande cha yule mtu akitupe, ndipo ashone mkeka. Kila nikienda namkuta kaukunjua mapajani, anaupitisha kwenye vidole polepole, anatafuta mahali mkono wake ulipoishia na wa mwenzake ulipoanzia. Hapaoni. Anaukunja, anauweka, kesho anaanza tena.

Nami hufanya hivyo hivyo na kichwa changu. Nikiamua jambo, la duka, la mtoto, hata la kuandika uzi huu, nakaa kwanza nauliza: hili ni langu?

Mara nyingine sipati jibu.

Nawaachia uwanja. Aliyewahi kukutana na mtu wa namna hii aseme, na aliye na maoni tofauti abishe, nimeshawaambia mimi ubishi ni wangu. Ila majina yenu ya kweli bakini nayo.